Dirii ya Kirumi yenye misuli kwa igizo la Ijumaa Kuu: bati, ngozi au nini?

Kijana wa Rau aliandika:

Wakuu, habari za mchana. Naomba wenye ujuzi wa bati au mavazi ya maigizo mnisaidie.

Parokiani kwetu hapa Moshi vijana huwa tunaigiza Mateso siku ya Ijumaa Kuu, tunatembea kuanzia kanisani hadi uwanjani watu wakifuata nyuma. Safari hii nimekabidhiwa mavazi ya Warumi. Yaliyopo ni ya maboksi yaliyopuliziwa rangi ya dhahabu, na mnajua Pasaka ya huku inaangukia masika. Mvua ikishuka kutoka mlimani, jeshi zima la Roma linalowa na kuanza kumomonyoka mbele ya waumini.

Nataka angalau Pilato avae kitu cha maana, ile dirii, yaani vazi gumu la kukinga kifua, iliyochongwa kifua na misuli ya tumbo kama kwenye sanamu. Tatizo ni kwamba Pilato wetu ni mwalimu mwenye kitambi cha heshima, na kumbadilisha haiwezekani kwa sababu sauti yake inafika barabara kuu bila spika.

Je, bati la kuezekea linafaa? Au nitafute ngozi Himo? Na askari wa kawaida pamoja na akida, yule mkuu wa askari mia, nao wavae dirii ya namna hiyo? Hela ni za mchango, kidogo. Vijana wa kugonga nyundo wapo.

---

Mama Kostumu alijibu:

Mdogo wangu, usijitese. Nunua ile sponji ngumu wanayotengenezea malapa, au mikeka ya mazoezi iliyotumika. Kata, ipashe moto kwa mbali juu ya jiko la mkaa, ikilegea ibandike kifuani mwa mtu aliyevaa jaketi na uishike mpaka ipoe. Misuli unakata vipande vingine unabandika juu. Kabla ya rangi pitisha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, mara kadhaa, la sivyo sponji inakunywa rangi yote. Mvua haiigusi. Mimi nawavalisha watoto wa shule kwa njia hiyo na wazazi wanauliza nimenunua wapi.

---

Fundi Bodi Unga Ltd alijibu:

Kijana, salaam. Mimi nanyoosha bodi za magari hapa Unga Limited, Arusha, Land Rover zaidi kuliko kitu kingine. Dirii ya namna hiyo nimeshaitengeneza kwa ajili ya kwaya fulani, kwa hiyo nitakwambia yaliyo mikononi mwangu.

Mama Kostumu yuko sahihi kwa askari wanaosimama mbali. Ila Pilato anakaa kitini na watu wako hatua chache mbele yake. Akikaa, sponji inajikunja tumboni, na hapo hata mtoto anajua ni sponji.

Bati la kuezekea usiliguse. Ni jembamba na gumu, ukilizamisha kupata kifua linapasuka kabla hujafika. Halafu ukilipasha moto ili lilainike, lile zinki la juu linatoa moshi mweupe. Fundi anayeuvuta anaamka usiku na homa na kutetemeka, anakwenda kupima malaria bure.

Shaba ndiyo yenyewe hasa. Wagiriki na Warumi walitumia shaba iliyochanganywa na madini ya bati, kama sehemu moja kwa kumi, na unene wa mm 1 hivi. Inagongwa ikiwa baridi, ikikaza unaipasha mpaka iwe nyekundu ya giza, unaweza hata kuizamisha majini na itabaki laini. Chuma cha patasi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Lakini kipande kikubwa cha shaba leo ni bei ya mbuzi kadhaa, na ukinunua kwa watu wa vyuma chakavu jiandae kuulizwa umeitoa wapi.

Mimi nilitumia alumini, pande la Land Rover la zamani. Gari zile bodi yake ni alumini, unene unazidi mm 1 kidogo, na kwenye magereji ya huku mapande yaliyobonyea yanatupwa kila leo. Alumini ina ujanja wake: haiwi nyekundu. Unaipasha, unaitazama iko vilevile, ghafla imetoboka. Kwa hiyo chukua sabuni ya mche, paka upande mmoja, pasha na gesi kwa upande wa pili huku unahamisha moto. Sabuni ikigeuka kahawia nzito kuelekea nyeusi, ondoa moto. Hapo imelainika. Utarudia zoezi hilo kila ukisikia nyundo inaanza kudunda badala ya kuzama.

Sasa, kabla ya nyundo. Watu wengi wanaanza na misuli kwa sababu ndiyo inayopendeza. Mimi nakuambia anza na kazi atakayofanya mtu ndani yake. Pilato wako anafanya nini? Anaketi kwenye kiti cha hukumu. Ananawa mikono mbele ya umati. Hayo mawili ndiyo yanayokata umbo.

Kunawa: mikono yote miwili inakuja mbele. Dirii ikiwa pana kifuani kama mlango, kingo zitamkaba kwapani na hataweza kukutanisha vidole juu ya beseni. Kwa hiyo upande wa mbele kata kwapa kwa ndani sana, kuliko unavyodhani ni sawa. Ukitazama sanamu vizuri utaona na wao walikata hivyo.

Kuketi: zipo dirii fupi zinazoishia kiunoni na ndefu zinazoshuka na kufuata mviringo wa tumbo hadi chini ya kitovu. Ile ndefu ni nzuri ukisimama. Ukiketi, ncha ya chini inaingia kwenye mapaja na dirii nzima inapanda juu mpaka kidevuni. Fupi iliwafaa hata wapanda farasi. Mfanyie fupi, ukingo wa chini uugeuze kidogo uelekee nje. Na kitambi chake kitapata pa kupumulia chini ya dirii, ndani ya vipande vya ngozi vinavyoning'inia.

Ufundi wenyewe: kata mfano wa boksi kwanza, mbele na nyuma, aujaribu amevaa kila kitu cha ndani. Ukihamishia kwenye alumini acha ziada ya vidole viwili pande zote, maana kifua kikizama kingo zinavutwa ndani. Kunja mviringo wa jumla juu ya gogo. Kisha geuza, ilaze juu ya mfuko wa turubai uliojaa mchanga, na zamisha kifua kutoka ndani kwa nyundo ya mti yenye uso wa mviringo. Mapigo madogo yanayofuatana, ukianzia pembeni ya duara kuingia katikati. Ukiwa na hasira ukapiga katikati tu, pale ndipo patakuwa karatasi.

Tumbo linatoka nyuma na mbele: unainua kila pande la msuli kutoka ndani, halafu unageuza na kuchora mifereji kutoka nje kwa patasi butu, chini pakiwa na ubao au lami iliyoganda. Usiweke misuli mingi. Mstari wa katikati, upinde wa mbavu, kitovu, na ile mistari miwili inayoshuka kwenye nyonga. Ukizidisha itaonekana mkate wa boflo.

Mwisho kingo. Usiziache kavu, zitamkata shingo. Zikunje juu ya waya kama wanavyofanya mafundi wa ndoo na makarai, hapo pia dirii yote inakaza. Bawaba upande mmoja, mikanda upande wa pili, riveti za alumini. Usithubutu kuchomelea kwa mashine ya kawaida ya chuma.

---

Mwl. wa Zamani alijibu:

Fundi kamaliza upande wa nyundo, niongeze upande wa historia, maana kijana ameuliza nani avae nini na hajajibiwa.

Dirii ya misuli ilianza kwa Wagiriki, karne ya 5 KK. Za shaba zimefukuliwa kwenye makaburi ya kusini mwa Italia ya karne ya 4 KK. Kwa Warumi wa enzi za makaisari tunategemea sanamu. Maarufu ni ile ya Augusto iliyopatikana mwaka 1863 Prima Porta, nje kidogo ya Roma, sasa iko Vatikani. Kifuani amechongwa Mparthi, mtu wa dola ya mashariki iliyokuwa adui wa Roma, anayerudisha bendera ya jeshi la Roma, jambo lililotokea mwaka 20 KK. Pia mtazameni Kaisari Trajano kwenye nguzo yake mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113. Huko kote wanaoivaa ni wakubwa, kaisari na majemadari, na mwili uliochongwa ni wa kijana hodari hata kama mwenyewe kazeeka. Kwa hiyo mwalimu wenu mwenye kitambi yuko ndani ya mila kabisa.

Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na jiwe lenye jina lake na cheo chake lilipatikana Kaisaria mwaka 1961. Mtu wa cheo hicho kumvalisha dirii ya misuli jukwaani hakuna atakayekulaumu. Mfungeni kitambaa chembamba tumboni juu ya dirii, fundo mbele, ncha zichomekwe kushoto na kulia. Hiyo ndiyo alama ya mkubwa na gharama yake ni kipande cha kitambaa. Joho begani.

Askari wa kawaida msiwape misuli. Pilato hakuwa na lejioni, yale majeshi makubwa ya raia wa Roma; zile zilikuwa Siria. Alikuwa na vikosi vya wasaidizi, na vazi lao la vita hasa ni fulana ya pete za chuma. Jukwaani inatengenezwa kwa uzi mnene wa kufumia: fumeni fulana kubwa yenye macho mapana, ipulizieni rangi ya fedha, kisha mpitishe nyeusi juujuu. Kina mama wa jumuiya wataimaliza mapema kuliko mnavyofikiri.

Akida naye apate fulana ileile au ya magamba. Yupo Marcus Caelius, akida aliyekufa mwaka 9 katika maangamizi ya jeshi la jemadari Varo huko Ujerumani. Kwenye jiwe lake la ukumbusho amevaa nishani kifua kizima na ameshika fimbo ya mzabibu. Mpeni akida wenu fimbo, na kishungi cha chapeo kikae kukingama kutoka sikio hadi sikio. Watu watamtambua kabla hajasema "Hakika huyu alikuwa Mwana wa Mungu."

---

Kijana wa Rau alijibu:

Mwalimu shikamoo, na Fundi asante sana. Fulana za uzi nimeshazipeleka kwa kina mama, wamecheka lakini wamekubali.

Fundi, bado moyo uko kwenye ngozi. Jamaa mmoja ana ngozi ya ng'ombe kutoka kiwandani, ya rangi ya bluu bluu, anasema nikiichemsha itakuwa ngumu kama ubao. Kweli?

---

Fundi Bodi Unga Ltd alijibu:

Ya bluu imewekwa dawa ya kromu. Ichemshe utakavyo, hiyo haifiki kwenye ubao unaoutaka, usimpe hela. Inayokubali ni iliyotengenezwa kwa gome la mti, kama dawa ya miwati inayotoka Njombe. Rangi yake ni ya kahawia hafifu. Hiyo unailoweka, unaivuta juu ya umbo, inakauka imeshika. Maji yawe ya moto wa kuvumilia kidole kwa shida, yasichemke. Yakichemka ngozi inajikunja na kupungua mbele ya macho yako, na dirii ya Pilato inamwenea mtoto wa Komunio ya kwanza. Hata ukifaulu, unene wa kutosha ni ghali, na masika itailegeza tena.

Ngozi itumie kwa vile vipande vya mabegani na kiunoni. Nenda soko la mitumba la Memorial hapo Moshi, tafuta majaketi ya mtumba yaliyochanika mikono. Kata vipande vya upana wa vidole vitatu, ncha zichane nyuzinyuzi, vishone kwenye fulana nzito ya ndani, siyo kwenye dirii. Ukivishona kwenye alumini vitafuata kila inapopanda na kushuka.

Rangi: ile ya dhahabu ya kopo peke yake inang'aa kama karatasi ya peremende. Pulizia, ikauke, kisha chukua dawa ya viatu ya kahawia, isugue kwenye mifereji yote na ufute juu kwa kitambaa. Misuli inajitokeza yenyewe.

Ukitaka tuifanye hapa kwangu, panda Costa mje Jumamosi, mje na Pilato mwenyewe. Asije na suruali na shati tu. Aje na kanzu, joho na hiyo fulana nzito, na mbebe beseni mtakalotumia. Sitoboi tundu hata moja la bawaba kabla sijamwona ameketi na kunawa.