Moshi–Dodoma kwa mahafali ya UDOM: Coaster ya kukodi, basi la Babati, au tuzungukie Dar tupande SGR?

Kiborloni
Wakuu, habari za leo. Mdogo wetu wa mwisho anahitimu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka huu, na nyumbani wameniachia mimi nipange safari. Tunatokea Moshi. Njia zilizopo mezani ni tatu: tukodi Coaster, tupande basi la kupitia Arusha na Babati, au twende Dar kwa basi halafu treni ya SGR mpaka Dodoma, maana mzee anaitaka sana hiyo treni. Ipi nafuu na ipi haina usumbufu? Jumapili kuna kikao, wanataka jibu.

Mzee wa Gia
Umetupa nusu ya habari, mkuu. Mko wangapi? Kuna wazee, kuna watoto? Mnalala siku ngapi? Coaster ya watu 8 ni hasara, ya watu 20 ni akili. Bila idadi hapa tutabishana bure.

Ng'ong'ona Yetu
Na ni ndaki (koleji) gani? UDOM si jengo moja, ni kama wilaya. Wahitimu wakiwa wengi mahafali hugawanywa kwa duru, kila duru na ndaki zake. Mkikosea siku mtakaa juani kuwapigia vigelegele watoto wa wenzenu.

Kiborloni
Samahani wakuu. Tuko 11: bibi (81, goti linamsumbua), baba, mama, shangazi wawili, watu wazima wanne na watoto wawili, wa miaka 3 na 9. Ndaki ni ya Elimu. Tarehe kamili bado, ila ni mwishoni mwa mwaka. Tutalala usiku mbili. Mizigo ya kawaida, isipokuwa mama anataka kubeba mikungu miwili ya ndizi na dumu la mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi.

Joho Jeusi
Kabla ya nauli: jina la huyo mdogo wako liko kwenye orodha ya wahitimu? Umeliona wewe, au amekwambia yeye?

Dada Mhasibu
Ngoja niweke hesabu. Moshi–Arusha ni km 80, Arusha–Babati kama 170, Babati–Dodoma 251. Jumla km 500.

Basi: kwa viwango vya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) vya Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilometa na daraja la kati 67.84. Kwa km 500 ni kama 24,200 na 33,900. Mkikaa daraja la kati, siti 11, kwenda na kurudi: 745,800.

Coaster: kwenda na kurudi km 1,000, ongeza 60 za kuzunguka Dodoma. Ikiwa nzima inakwenda km 6 hadi 7 kwa lita, kwa hiyo weka lita 163. EWURA hubadilisha bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo chukua 2,800 kwa lita kwa mfano tu: 456,400. Ili msizidi gharama ya basi, imebaki kama 290,000 ya mwenye gari kwa siku tatu, posho ya dereva na chumba chake. Sidhani kama kuna mwenye Coaster atakayekuelewa. Mkifika 20 hadithi inageuka, kwa sababu mafuta ni yaleyale.

SGR: Moshi–Dar ni kama km 560, daraja la kati 38,000 kwa kichwa. Treni ya kawaida Dar–Dodoma 31,000; mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, chini ya hapo bure. Watu 11 kwenda tu ni kama 712,500, na hapo hamjalala Dar wala hamjatoka stendi ya Mbezi kwenda stesheni. Yaani kwenda tu kwa SGR kunakaribia kwenda na kurudi kwa Babati.

Reli Kwanza
Dada, hesabu iko sawa, ila hujaweka bei ya goti la bibi. Kwenye treni bibi anasimama, anatembea, anakwenda chooni muda wowote. Treni ya haraka inatumia kama saa tatu na nusu. Kwenye basi atakunja goti saa tisa.

Dada Mhasibu
Na kabla ya hizo saa tatu na nusu atakunja goti saa ngapi kutoka Moshi mpaka Dar? Basi hujalikwepa, umelirefusha na kuongeza treni juu yake.

Reli Kwanza
Washukie Chalinze, wachukue gari mpaka Morogoro, wapandie treni pale Kihonda. Dar hawaigusi.

Mzee wa Gia
Watu 11 na mikungu ya ndizi washuke Chalinze barabarani, wasubiri basi lenye siti 11 wazi? Hilo basi utalipata kwenye ndoto. Tena lazima waangalie kwanza kama treni yao inasimama Morogoro, na stesheni wanataka abiria awe amefika saa mbili kabla. Ukifungiwa geti, Dodoma utaisikia redioni.

Bereko Hadi Kolo
Mimi nasema basi la Babati, barabara yenyewe ni lami tupu, kile kipande cha Dodoma–Babati kilizinduliwa 2018. Tatizo lake ni kona. Ukitoka Babati ukaanza kupanda Bonga kwenda Bereko, kisha kushuka Kolo, hapo ndipo watoto wanapotapika. Wasinyweshwe maziwa asubuhi; wapewe mkate mkavu au ndizi ya kuchemsha. Waketi katikati ya gari, siyo siti za nyuma zinazoyumba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, hivyo beba kopo lenye mfuniko, lishikwe mkononi na lisitupwe kwenye buti.

Bibi mkatie siti ya upande wa ujia ambao mguu mbovu utakuwa nje. Goti la kushoto linataka siti ambayo ujia uko kushotoni kwake. Watu wanakata siti ya dirishani kwa heshima ya mzee, halafu mzee anafika mguu umevimba kwa sababu hakuna pa kuunyoosha.

Wakati wa kurudi mkipata nafasi simameni Kolo, kuna michoro ya miambani ambayo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006.

Mzee wa Gia
Kwa basi? Dereva asimame Kolo mkaangalie michoro? 😂 Hiyo ni ya wenye gari lao.

Sasa Coaster, kwa kuwa naona kikao kitaishia huko tu (shangazi wawili wapo, Coaster itashinda). Safari za mahafali huharibika kwa mtiririko uleule, na unaanza siku tatu kabla.

Mwenye gari anakubali bei ya chini kwa sababu gari ni daladala, wikiendi halina kazi. Leseni yake ya usafirishaji inataja njia moja ya mjini. Kulitoa mkoani anatakiwa achukue kibali cha kukodiwa LATRA. Anakwambia "hilo niachie". Kizuizi cha kwanza anamalizana nao, cha pili anamalizana nao, cha tatu kuna askari asiyetaka mazungumzo, na gari linalala hapo. Mbaya zaidi ni bima: likipata ajali likiwa nje ya matumizi yaliyoandikwa, kampuni ina mlango wa kukimbilia. Kwa hiyo kibali mkione kwa macho, chenye namba ya gari hilohilo na tarehe za kwenda na kurudi.

Dereva: chini ya abiria 30 leseni iwe na C1, siyo D peke yake. Na muulizeni usiku wa kuamkia safari yuko wapi. Jumamosi madereva wengi wa Coaster wako kwenye harusi mpaka saa nane usiku. Mmepanga kutoka saa 11 alfajiri, anakuja saa 1 macho mekundu, anataka kufidia muda. Vijijini mwendo ni 50 na tochi za trafiki zimejaa. Faini zinaanza, anakasirika, na hasira yake anaimalizia kwenye mteremko wa Kolo akiwa gia ya nne na mguu kwenye breki. Breki zikipata moto unasikia harufu ya mpira uliochomwa. Hapo gari lisimame, na gurudumu lisimwagiwe maji, ngoma inapasuka.

Halafu injini. Mpira wa maji wa juu wa rejeta ndio unaowaangusha wengi. Bonyeza kwa vidole gari likiwa limepoa: ukiwa na mipasuko kama kisigino cha mkulima, ubadilishwe Moshi. Ukipasukia kati ya Chemba na Mayamaya, mtasubiri spea itoke Kondoa au Dodoma na shughuli ya saa 3 asubuhi mtaisikiliza kwa simu. Hivyo Coaster ikichukuliwa, fikeni siku moja kabla. Kufika asubuhi ya mahafali ni kamari.

Kiborloni
Mzee wa Gia, umenitisha. Kwa hiyo unashauri basi?

Mzee wa Gia
Nashauri Coaster yenye kibali. Sijasema basi.

Dada Mhasibu
😂 Maneno yote hayo halafu Coaster.

Mzee wa Gia
Bibi wa 81 anataka kujisaidia kila saa moja na nusu. Basi linasimama mara moja kula, dakika 20, na foleni ya choo cha wanawake peke yake ni dakika 15. Mambo mengine yote yana dawa, hilo halina.

Ng'ong'ona Yetu
Mnabishana njia, malazi hamjagusa. Novemba huwa kuna Bunge, na likigongana na mahafali Dodoma vyumba vinaisha na vilivyobaki vinapanda. Usikate Area C wala mjini kati kwa sababu tu umezoea kusikia majina. Tafuta Makulu, Kisasa, Ipagala au hukuhuku Ng'ong'ona, asubuhi mtakuwa upande wa chuo tayari. Basi la Arusha linaingilia Msalato linavuka mji mpaka stendi ya Nanenane, na kutoka hapo maeneo hayo ni karibu kuliko mjini. Chumba cha bibi kiwe cha chini na choo kiwe cha kukaa. Muulize mwenye lodge akutumie picha ya choo, siyo ya kitanda.

Siku yenyewe muwe getini saa 1 asubuhi. Maandamano ya wanataaluma yakianza kuingia, kupita kunakuwa kugumu. Mwavuli kila mtu, Dodoma jua halina utani, na mwishoni mwa mwaka mvua inaweza kuja hapohapo. Viatu vya kisigino chembamba vinazama kwenye udongo.

Na swali kubwa: kadi za mwaliko ngapi? Mhitimu kwa kawaida hapewi kadi 11. Zikiwa mbili, wengine tisa mtakaa wapi toka saa 1 mpaka mchana?

Kiborloni
Duh. Kadi sijauliza. Nimempigia sasa hivi hajapokea, nitamuuliza jioni.

Joho Jeusi
Jioni hiyohiyo muulize lile swali langu. Aingie kwenye akaunti yake ya SR2 (mfumo wa chuo wa taarifa za wanafunzi) mbele yako, au akutumie picha ya ukurasa wa orodha wenye jina na namba ya usajili. Sapu moja (mtihani wa marudio) au kari moja (somo la kurudia) ikibaki, hahitimu, na watoto wengi hawasemi mpaka wiki ya mwisho kwa kuwaogopa wazazi. Pia joho: linalipiwa kwa namba ya malipo kabla ya tarehe ya mwisho, linachukuliwa siku kadhaa kabla, na likichelewa kurudishwa kuna faini. Kama kweli anahitimu, risiti ya joho anayo.

Reli Kwanza
Mimi bado nipo na mzee wa treni. Nendeni wote kwa Babati. Wakati wa kurudi baba na mtu mmoja wapande SGR Dodoma–Dar, walale Dar, asubuhi basi la Moshi. Watu wawili ni 62,000 ya treni, siyo watu 11. Wabebe vitambulisho tu, tiketi ni ya jina.

Dada Mhasibu
Leo umesema neno. Hiyo nakubali.

Msesewe
Habari zenu. Nimefuata harufu ya mbege. Hilo dumu mnalibebaje?

Kiborloni
La lita 20, mama anasema atalikaza vizuri lisimwagike.

Msesewe
Akilikaza mmekwisha. Mbege haijalala, inaendelea kuchacha njiani, na joto la buti linaiamsha zaidi. Mkifika Babati dumu limevimba kama chura, mkifika Kondoa mfuniko umeruka na mabegi ya watu yananuka pombe. Jaza robo tatu tu, mfuniko ulegezwe robo mzunguko, dumu lisimame wima limebanwa na ile mikungu ya ndizi, na kila mkisimama mtu aende kulitoa hewa. Nayo iwe imechanganywa ulezi jana yake, siyo ya siku tatu. Hiyo itafika siki.

Bereko Hadi Kolo
Kwa nini wasibebe ulezi mkavu na gome la msesewe wapikie Dodoma?

Msesewe
Ndizi za kuchemshia mbege watazipata wapi Makulu? Na kuchemsha, kupooza na kuchachusha siyo kazi ya usiku mbili. Mbege haipikwi kama chai, ndugu.

Mzee wa Gia
Kwenye basi konda atalikataa hilo dumu akilisikia linapumua. Ndiyo maana nikasema Coaster.

Kiborloni
Wakuu, nimerudi. Dogo amepokea. Kadi anasema "nitaangalia". Nikamwambia anitumie picha ya orodha, akasema mtandao unasumbua huko.

Joho Jeusi
Mtandao unasumbua na ujumbe wake umefika?

Kiborloni
Amenitumia picha ya kofia ya mahafali.

Joho Jeusi
Kofia ya nani?