Sahani ya bibi ina simba wa Uingereza kitakoni: tuishushe?

Binti wa Mkomani
Asalaam aleikum. Nyumba yetu hapa Lamu bado ina zidaka za ukutani zilizojaa vyombo vya marehemu bibi. Sahani moja, nyeupe yenye maua ya buluu, ina muhuri nyuma: simba, farasi mwenye pembe moja, taji juu na neno England. Binamu yangu anasema hiyo ni nembo ya mkoloni, haifai kukaa pamoja na kombe za Kichina. Mama hataki hata iguswe. Mnanishauri nini?

Fundi Langoni
Wa aleikum salaam. Ni nembo ya wafalme wa Uingereza, lakini viwanda vingi vya vyombo vya Staffordshire, huko huko Uingereza, viliipiga tu chini ya vyombo vya biashara. Jina la nchi ndilo la kuangalia. Tangu 1891 Marekani ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na viwanda vikazoea, kwa hiyo yako yaelekea ni ya baada ya hapo.

Mama wa Mambrui
Mwanangu, igeuze tena, utazame kitako. Kikiwa na matundu madogo, yalitobolewa ipitishwe kamba, itundikwe.

Hapa kwetu Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming. Siku hizi vyombo kama hivyo husimuliwa kuwa ushahidi wa urafiki wa Kenya na China, sambamba na yule twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wao mwaka 1415. Napenda vitunzwe, ila masimulizi hayo yananiuma, maana yanamsahau aliyevipachika. Manda, hapo jirani yenu, vimechimbwa vigae vya vyombo vya Kichina vya karne ya 9, miaka mia tano kabla ya merikebu za Zheng He, yule amiri wa China. Vililetwa na wafanyabiashara, bandari hadi bandari. Muungwana aliyevinunua hakuwa akijitangaza Mchina. Alitaka ndugu na wageni wa arusi wakiingia ndani waone kwamba nyumba ile inajulikana ng'ambo.

Na za Ulaya ni vivyo hivyo. Mama yangu alipakua wali kwenye bakuli za Petrus Regout, zilizotoka Maastricht, Uholanzi. Kwetu zilikuwa bakuli za arusi, basi. Bendera ya Mwingereza ilishushwa 1963. Hiyo sahani hakuipandisha Mwingereza, aliipandisha bibi yako. Iacheni.

Binti wa Mkomani
Shukrani, mama. Matundu yapo, mawili.

Mjukuu Mwengine
Binamu mwenyewe ni mimi. Shikamoo, mama wa Mambrui. Hilo la bibi nimelikubali. Ila sisi tukiondoka, atakayeigeuza ataona simba na taji tu. Basi mama aulizwe leo bibi aliipata kwa nani na kwa arusi ya nani, iandikwe, karatasi iwekwe nyuma yake kwenye kidaka. Hapo nitanyamaza.