Chumba cha Mama Melini: Gumzo la Kikundi cha Nyumba ya Shela, Malindi

Dada (Genova): Assalamu alaykum nyote. Shikamoo Mama, shikamoo Mama Mdogo, shikamoo Mjomba. Ni kuhusu ile safari ya wazee ya kutembea kwa meli huku Ulaya. Kampuni ya meli imeniletea ujumbe leo. Wanasema Mama na Mama Mdogo wanaweza kutolewa kwenye chumba cha ndani wakapewa chumba chenye roshani, kwa nyongeza ya euro 180 kila mmoja. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Tuamue pamoja, maana mchango ni wa wote.

Mjomba: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu.

Kaka Mkubwa: Wawili ni euro 360. Hiyo inapita elfu hamsini za Kenya. Na tangi la maji hapa nyumbani bado hatujanunua. Kwa ajili ya mahali pa kulala tu?

Kitindamimba: Kaka, chumba cha ndani hakina dirisha hata moja. Ukizima taa hujui kama ni usiku au mchana.

Kaka Mkubwa: Kwani watashinda chumbani? Hebu tazama ratiba. Wanapanda Genova, Civitavecchia wanashuka kwenda Roma, halafu Palermo kisiwani Sicily, Valletta kule Malta, Barcelona, Marseille, kisha Genova tena. Usiku saba. Siku ya bahari tupu ni moja, ya kutoka Malta hadi Hispania. Chakula ni kilekile, na deki ya juu kila abiria anapanda bure.

Dada (Genova): Kaka amesema kweli, na ndiyo sababu nilikata cha ndani. Kijana anayerudi chumbani usiku wa manane kinamtosha kabisa. Lakini hawa ni wazee wetu. Meli yenyewe inapita mita 300 kwa urefu, asubuhi watu hujazana kwenye lifti, na Mama ana goti lake. Kila akitaka kuona bahari itabidi afunge safari. Sitaki aende mpaka Ulaya akae kitandani akitazama ukuta.

Mjomba: Nauliza jambo moja. Hicho chumba cha roshani kiko wapi? Omo kule mbele, tezi kule nyuma, au katikati? Ghorofa ya ngapi? Chombo kikianza kwenda mrama, omo ndiyo inayopanda na kushuka. Katikati hutulia. Na kadiri ulalavyo juu ndivyo unavyoyumba. Upepo wa bahari hiyo nao ni upi?

Mama Mdogo: Hapo Mjomba kaniulizia mimi. Ile mashua ya kioo ya kwenda kutazama matumbawe tu ilinitapisha, tena bahari shwari.

Dada (Genova): Mjomba, umegusa penyewe. Meli hizi zina mapezi chini ya maji, hutolewa ubavuni kupunguza kuyumba, ila omo ikianza kupanda na kushuka hayasaidii kitu. Upepo wa kuangalia huku unaitwa mistral. Unashuka kutoka kaskazini kwa bonde la mto Rhône na kuipiga Golfe du Lion, ghuba ya kusini mwa Ufaransa, na hapo ndipo njia ya Barcelona kwenda Marseille.

Sasa sikilizeni. Chumba chao cha sasa kiko katikati, deki ya 5. Hicho cha roshani hawakitaji namba. Masharti yanasema watapangiwa chochote cha aina hiyo kitakachobaki, na kadi ikishakatwa hakuna kurudishiwa.

Mjomba: Basi msilipe. Huko ni kununua samaki kapu halijafunuliwa.

Kitindamimba: Na kinaweza kuwa chini kabisa ya ukumbi wa chakula, viti vikaburutwa juu ya vichwa vyao tangu asubuhi. Au kikawa cha roshani inayotazama migongo ya mashua za kuokolea.

Dada (Genova): Kweli. Tena nimesoma mpaka chini. Katika hizo euro 180 mna kifurushi cha vinywaji. Bia, mvinyo, vyote.

Kaka Mkubwa: Astaghfirullah. Tuwalipie wazee wetu mvinyo!

Mama: Wanangu, mmesema sana na mwenye safari hamjamuuliza.

Kitindamimba: Samahani Mama. Sema.

Mama: Mimi nataka nijue alfajiri imeingia bila kushika simu. Hapa Malindi kibla ni kaskazini, nimeelekea upande huo tangu utoto wangu. Huko meli inageuka huku na huku. Nikiona jua linakotoka nitajua nimesimama vipi. Nikifungiwa mahali pasipo mwanga roho yangu itakuwa nzito, na sitasema, kwa sababu mmegharamika. Roshani si lazima. Nipeni dirisha.

Dada (Genova): Mama, nakushukuru kwa kutuambia. Kibla kwa bahari ile ni upande wa mashariki kuelekea kusini, kwa hiyo jua la asubuhi litakusaidia kweli. Vyumba vya dirisha vipo, nyongeza ni euro 70 kila mmoja. Ila dirisha la meli halifunguki. Ni kioo tu.

Mama Mdogo: Halifunguki? Mimi bila hewa silali. Hata kusi likivuma hapa Shela madirisha yangu yako wazi.

Mama: Hilo ni kweli, nimelala naye chumba kimoja tangu tukiwa wasichana.

Kaka Mkubwa: Basi nami nasema hivi. Roshani sawa, lakini tujue namba ya chumba, na hicho kifurushi kiondolewe. Wakikataa, tuchukue dirisha. Tangi la maji litangoja mwezi mmoja.

Dada (Genova): Ahsante Kaka. Kesho napiga simu, siwajibu kwa barua pepe.

Mjomba: Ngoja. Nimeitazama ramani. Kutoka Genova wanateremka kusini, nchi ya Italia iko kushoto kwao. Toka Palermo, wakiizunguka Sicily kwa magharibi kwenda Malta, bado kisiwa kiko kushoto. Toka Barcelona kwenda Marseille, kisha Genova, pwani iko kushoto tena. Waombee ubavu wa kushoto ukitazama omo. Wa kulia wataona zaidi maji matupu.

Kitindamimba: Mjomba! Hilo hata wauza tiketi hawalisemi.

Dada (Genova): Naandika hapa. Katikati, ubavu wa kushoto, si chini ya ukumbi wa chakula, pasiwe na mashua mbele, vitanda viwili vilivyotenganishwa, bila vinywaji.

*Siku ya pili*

Dada (Genova): Assalamu alaykum. Nimezungumza nao karibu saa nzima. Kwanza walinirudisha kwenye ofa ileile. Nikamwambia dada wa simu nataka kununua chumba chenye namba, siyo bahati. Kipo kimoja deki ya 8, katikati, ubavu wa kushoto, juu yake na chini yake ni vyumba vya kulala watu. Bila kifurushi ni euro 130 kila mmoja.

Kaka Mkubwa: 260. Tumeokoa mia. Lipa.

Mjomba: Deki ya 8 ni juu kidogo kuliko ya 5, lakini kwa kuwa ni katikati, sina neno. Mama Mdogo abebe tangawizi yake.

Mama Mdogo: Na ndimu. Na dawa ya duka la dawa pia, sitaki aibu.

Dada (Genova): Dawa umeze kabla hujaanza kusikia vibaya, Mama Mdogo. Ukishaanza kutapika imechelewa. Na simu zenu, mkishapanda, muziweke kwenye hali ya ndege. Mtandao wa melini ni ghali sana, mtu anaweza kudaiwa pesa nyingi kwa picha chache tu.

Mama: Sasa picha nitawatumia vipi?

Dada (Genova): Mkishuka bandarini, Mama. Nimelipa sasa hivi. Namba ya chumba nawatumia chini. Kaka, nakusubiri kwa fungu lako.

Kaka Mkubwa: Nimeshatuma. Angalia.

Mama: Mungu awabariki wanangu. Mwulizeni na soketi za humo zikoje, nisije nikabeba chaja ya bure.

Dada (Genova): Ni za matundu mawili ya mviringo, Mama. Adapta nitawapa nikija kuwapokea uwanja wa ndege.