Ushauri: Maji machafu ya banda la nguruwe yanaingia kwenye mfongo (mfereji wa umwagiliaji), nianzie wapi?

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Ninafuga nguruwe kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, huku Kibosho, Kilimanjaro. Kwa sasa ninao 26, wakiwemo majike wanne wa kuzalisha. Banda lina sakafu ya zege, na kila asubuhi na jioni tunaliosha kwa mpira hadi ling'ae, maji yote yakielekea kwenye shimo nililochimba nyuma ya migomba. Masika haya shimo limefurika mara tatu, na maji meusi yameteremka hadi kwenye mfongo ambao familia za bondeni huutegemea kumwagilia bustani na kunywesha mifugo.

Wiki iliyopita shangazi yangu, anayeishi chini ya kihamba chetu, alikuja na ndoo ya maji aliyoyateka pale, akaitua mbele yangu bila kusema neno. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na juu yake pumba zinaelea. Niliona aibu kubwa. Ofisi ya kata imenipa siku 14 za kurekebisha hali hii. Nimeshauriwa kujenga mtambo wa biogesi (gesi inayotokana na kinyesi) na niko tayari kukopa. Je, mtambo huo utamaliza tatizo?

Mfugaji wa Rungwe

Pole sana, mkuu. Naomba usikope kabla hujafanya hesabu hii. Kinyesi na mkojo wa nguruwe kwa siku hukaribia asilimia 5 ya uzito wake. Wako 26, tukikadiria wastani wa kilo 50, watatoa kilo 65 hivi. Je, mpira wako unamwaga lita ngapi? Ukiosha mara mbili unaweza kufikisha lita 600, maana yake shimo lako limejaa maji uliyoyaleta mwenyewe.

Mtambo nao utakuumbua hapo hapo. Kilo 65 zikichanganywa na maji kiasi hichohicho na kukaa siku 50, kwa sababu huko juu kuna baridi, zinahitaji nafasi ya mita za ujazo 6.5, bila kuhesabu sehemu ya gesi. Ukiingiza maji yote ya kuoshea, utahitaji mtambo wa zaidi ya mita za ujazo 30, na dawa za kuulia vijidudu zitaua bakteria wanaotengeneza gesi. Isitoshe, biogesi haipunguzi ujazo wa uchafu: karibu kila unachoingiza asubuhi kinasukuma kiasi hichohicho cha tope kutoka upande wa pili, nalo linahitaji shamba la kulipokea. Kwa kupikia gesi hiyo inafaa sana, na wataalamu wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, wamejenga mitambo ya kuba kwa miaka mingi, lakini hiyo ni hatua ya pili.

Kesho anza kuzoa kinyesi kwa beleshi na toroli kikiwa kikavu. Maji yawe ya kumalizia tu.

Afisa mifugo mstaafu

Naunga mkono. Naongeza mambo mawili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ingawa mfongo ni mfereji uliochimbwa, maji yake yanatoka mtoni na watu wanayatumia. Kwa hiyo hamisha shimo mbali kadiri kihamba kinavyoruhusu, na upande wa juu uchimbe mtaro wa kuchepusha maji ya mvua yasiingie humo.

La pili nalisema kwa msisitizo: mtu yeyote asiingie kwenye shimo hilo kulizibua. Tope likikorogwa hutoa hewa ya sumu inayoangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa huanguka pia.

Mama wa migomba

Mwanangu, mimi kinyesi cha nguruwe sikipeleki shambani kibichi. Ninakipanga kwa tabaka na maranda au maganda ya mpunga kutoka Moshi chini, kwa kuwa chenyewe kina naitrojeni nyingi na bila vitu vikavu hunuka na kuvutia nzi. Ninachomeka fimbo katikati ya lundo. Nikiichomoa baada ya dakika kumi na mkono ukashindwa kuishika, najua linaiva. Nageuza kila wiki na kulifunika kwa majani ya migomba mvua inaponyesha. Kwenye mboga zinazoliwa mbichi sikiweki kabisa.

Mleta mada

Ahsanteni sana, nimewaelewa. Leo asubuhi tumezoa bila maji na kujaza toroli mbili, kisha tukamalizia kwa ndoo tatu. Jioni nitakwenda kwa shangazi kumwomba radhi na kumwonyesha mahali pa mtaro, kwa kuwa utapita karibu na mpaka wake. Mama, naomba unieleze: kwa toroli mbili za kinyesi unaweka magunia mangapi ya maranda?

Mama wa migomba

Anza na magunia manne, mwanangu. Ukikamua konzi mkononi na maji yakachuruzika, ongeza la tano.