Ramani tatu za matumizi ya ardhi: ziwasilishwe vipi kijijini?

Wakuu, kijiji kimoja cha pwani wilayani Pangani kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Zipo ramani tatu za miaka 20 ijayo: mambo yakiendelea kama yalivyo, mashamba ya chumvi yakiongezwa, na mikoko ikirudishwa iwe kinga ya mmomonyoko. Zikibandikwa ukutani watu hutazama kimya. Wafanyeje wenyeji wachangie kweli?

Jibu la 1
Mkuu, tatizo ni rangi na mistari. Eneo lililojazwa kijani na kuzungushiwa mstari mnene husomeka kama hifadhi iliyokwisha kupitishwa. Mwenye shamba pale anawaza atahamishwa lini. Tumia picha ya anga ya kijiji, kipimo 1:10,000, yaani sentimita 1 ni mita 100. Ilaze chini, kaskazini yake ielekee kaskazini. Wenyeji waonyeshe kwanza msikiti, visima, diko (mahali pa kuegesha vyombo vya uvuvi) na njia za mifugo. Kila ramani ichorwe kwenye nailoni inayoonyesha, kwa kalamu ya kufutika, ilazwe juu ya picha. Nailoni ya nne iachwe tupu, wachore ya kwao. Hiyo ndiyo ya thamani kuliko zote.

Jibu la 2
Tazameni na kalenda ya maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na kina mama wa mwani na pweza wako huko ufukweni. Mkutano wa saa hizo unawakosa wanaoijua mikoko. Saa kumi jioni maji yamejaa: tembeeni, pigeni vigingi yalipofikia.

Tena mikoko isipakwe rangi moja. Ina aina zake: mlilana hukaa mbele baharini, ile iitwayo hasa mkoko nyuma yake, mkandaa karibu na nchi kavu. Aina hiyo ya mkoko ikipandwa mbele kabisa, mawimbi hung'oa miche. Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, vunjeni tuta kwanza maji yaingie na kutoka. La sivyo chumvi iliyojikusanya ardhini huua miche.

Jibu la 3
Naongezea sheria. Mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kijiji hakiwezi kuigawa. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mipaka hiyo ionekane kwenye ramani zote, watu wasije wakachagua lisilowezekana. Halmashauri ya Kijiji huandaa tu. Mwenye kupitisha ni Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Muulizaji
Asanteni sana. Nailoni zikishachorwa zikae wapi?

Jibu la 1
Ofisi ya kijiji. Zipigeni picha siku hiyo hiyo, kabla wino haujafutika.