Naomba ushauri: unyevu unapanda ukutani, lipu inabanduka

Habari za leo wakuu, na mafundi mliomo humu shikamooni.

Niko Tukuyu, nyanda za juu mkoani Mbeya, nakarabati kwa mikono yangu nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, msingi wa mawe. Paa limekwisha, bati jipya halivuji hata tone, na hilo limenipa moyo sana.

Kilichonikwamisha ni ukuta wa sebuleni, upande wa mlimani. Unyevu unapanda kutoka chini mpaka usawa wa kiuno. Rangi inafura malengelenge, ukiigusa inapukutika, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvichumvi. Nilibandua lipu yote ya zamani, nikapiga mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Mvua zilipokolea (na mvua za huku mnazijua), unyevu ukatokea juu ya ile lipu mpya. Nimechimbua pembeni ya msingi: hakuna nailoni wala lami ya kuzuia unyevu usipande ukutani, na udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani.

Je, nikishusha udongo na kuchimba mtaro wa kokoto nje inatosha, au lazima nikate ukuta kipande kipande nipitishe nailoni? Naogopa utatitia.

Pili, aliyewahi kupiga lipu ya chokaa nyanda hizi, alichanganya vipi na aliiacha muda gani kabla ya rangi?

Mama anaishi humo na kifua kinamsumbua. Natamani pakauke kabla baridi ya Juni haijashika.