Benz E500 ya 2003 inalala mbele kushoto kila asubuhi, kompresa mbili zimeshakufa. Naombeni ushauri

Kimara Stopova
Wakuu, habari za asubuhi.

Nina Mercedes-Benz E500 ya mwaka 2003, bodi ya W211, inayobebwa na upepo badala ya springi, imetoka Japani. Aliinunua marehemu baba, nami nimeirithi. Kwa hiyo naomba tuelewane mapema: ushauri wa "uza, nunua Crown" nimeusikia sana pale nyumbani. Hii nataka kuitunza.

Ikilala usiku mmoja tu, asubuhi nakuta mbele kushoto imeshuka mpaka tairi limeingia ndani ya fenda. Nikiwasha, kompresa inanguruma muda mrefu, gari linanyanyuka polepole, na dashibodi inaandika kwamba liko chini mno, nisiondoke. Fundi wa kwanza alisema kompresa imekufa. Tukafunga ya mtumba, ikadumu miezi minne. Fundi wa pili naye akasema kompresa, tukafunga nyingine. Hiyo ya pili wiki hii imeanza kutoa harufu ya kuungua.

Zaidi ya hayo, tangu mvua za masika, kuna asubuhi onyo jekundu la breki linawaka, halafu linapotea lenyewe.

Yupo anayenishauri niung'oe mfumo wote wa upepo nifunge springi za kawaida. Kwa bei, ananishawishi. Mliowahi kuishi na magari haya, nianzie wapi?

Chuma Kizee
Pole kwa msiba, mkuu, na hongera kwa kuitunza. Hiyo V8 ya M113 ni injini ngumu sana ikipewa oili sahihi kwa wakati. Wengi wanaogopa kwa sababu ina plagi 16, mbili kila silinda, lakini injini haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni umri wa mpira na umeme.

Usifunge kompresa ya tatu! Hizo mbili zimeuawa na upepo unaovuja. Kompresa ya Airmatic, yaani huo mfumo wa upepo, kazi yake ni kuongeza kidogo kilichopungua, kisha ipumzike. Yako kila asubuhi inajaza shokapu iliyotoboka kuanzia sifuri, inachemka, mwisho inaungua. Ukifunga mpya kabla ya kuziba tundu, nayo itakwenda njia ileile.

Fundi Umeme Ilala
Naongezea, maana magari haya nayashika kila wiki.

Leo usiku, paki sehemu tambarare. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka ardhini mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla hujafungua mlango, kwa sababu ukifungua tu mfumo unaamka na kuanza kujisawazisha, utapoteza ushahidi. Ikishuka kona moja peke yake, mshtakiwa ni shokapu ya kona hiyo, bomba lake, au njia yake kwenye boksi la valvu, lile linalogawa upepo kwa kila kona. Zikishuka kona mbili au zaidi kwa pamoja, anza kulitilia shaka boksi la valvu lenyewe.

Kisha sabuni. Maji na sabuni ya kuoshea vyombo, povu zito, kwenye chupa ya kupulizia. Gari likiwa limenyanyuka, puliza kwenye kiungo cha bomba juu ya shokapu, halafu kwenye mpira wenyewe chini ya soksi ya vumbi. Mpira huo hupasuka pale unapojikunja, na soksi inaficha, ndiyo maana mafundi wengi hawaoni kitu. Subiri, usiwe na haraka, povu la tundu dogo huchukua dakika kadhaa.

Sasa sikiliza hili kwa makini: USIINGIZE KICHWA wala mkono kati ya tairi na fenda kama gari halijawekwa kwenye stendi. Upepo ukiachia, linashuka bila kukuambia.

Na ukimaliza kuziba, badilisha rilei ya kompresa, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ikigandana, kompresa haizimi tena. Waliokubadilishia mara mbili, je, waligusa rilei?

Springi Tu
Mimi yangu nilifunga springi miaka mitatu iliyopita. Nalala usingizi. Barabara zetu na upepo haviendani.

Chuma Kizee
Ndugu yangu, siwezi kukupinga kwa gari lako, lakini mwambie mwenzetu yote. Mbele, mpira wa upepo na shokapu ni kitu kimoja, kwa hiyo anabadilisha vyote pamoja, si springi peke yake. Halafu lazima kompyuta iambiwe kwamba upepo haupo tena, la sivyo maonyo hayataisha. Na gari halitatembea tena kama lilivyokuwa likitembea kwa baba yake. Aamue akijua hayo.

Springi Tu
Hilo la kompyuta ni kweli, lilinichukua wiki mbili kumpata anayeliweza.

Likoni84
Salaam kutoka Mombasa. Mbona breki mmeziruka? Kwangu hilo ndilo la kwanza.

Kaka, W211 za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za umeme, SBC. Mguu wako unatuma taarifa, kisha pampu ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Mfumo ukizima, kanyagio linakuwa gumu, linakwenda chini sana, na zinabaki breki za mbele peke yake. Mwaka 2004 Mercedes waliyaita magari 680,000 yarudi kwa ajili ya mfumo huu, na kwenye maboresho hayo wakauacha kabisa.

Kabla hujaogopa, pima betri. Gari lako lina mbili: kubwa iko kwenye buti chini ya sakafu, ndogo iko chini ya boneti. Ile ndogo wengi hawajui kama ipo. Ikichoka, asubuhi umeme unashuka na SBC inalalamika, kisha alternata ikichaji inanyamaza. Inafanana kabisa na ulivyoeleza. Betri nzima iliyopumzika ionyeshe kama volti 12.6.

Betri zikiwa nzima na onyo likarudi, pampu ipimwe. Ina kihesabu cha mikanyago, na hesabu ikifika mwisho inawasha onyo hata kama bado inasukuma.

Fundi Umeme Ilala
Umenena. Na kila anayebadilisha padi za breki za gari hili aizimishe SBC kwanza kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Mtu akifungua mlango tu, pampu inajiamsha na pistoni zinabana. Vidole vimeshavunjika kwa hilo.

Mashine yenyewe isiwe kile kidude cha bei poa kinachosoma injini tu. Tafuta mwenye mashine ya Benz inayoingia kwenye Airmatic na SBC. Akisoma, mwambie asifute chochote kabla hujapiga picha, na akutenganishie makosa yaliyopo sasa na yale ya zamani yaliyohifadhiwa. Hapo ndipo watu wanauziwa spea zisizohitajika.

Kimara Stopova
Nawashukuru sana. Nimepima. Jana saa 3 usiku: mbele sentimita 65.5 pande zote, nyuma 66. Leo saa 12 asubuhi: kulia 65, nyuma hazijasogea, kushoto 57.

Sabuni: kiungo cha juu kikavu, boksi la valvu kimya. Tulipoishusha soksi ya vumbi, povu likaanza kutoka kwenye mkunjo wa mpira. Nilisimama pale nikikumbuka pesa za kompresa mbili.

Betri kubwa volti 12.5. Ndogo 11.3! Na rilei, fundi, hakuna aliyewahi kuigusa.

Swali: shokapu ya mtumba kutoka Japani inafaa?

Bibi Garage Moshi
Hapana, mwanangu. Mpira wa mtumba una umri uleule wa mpira wako. Kwenye taa na milango, mtumba nakubali. Kwenye kitu kinachobeba gari kwa mpira, nunua mpya ya Bilstein, au ya Arnott iliyokarabatiwa. Na ule wa kulia umeshuka nusu sentimita, anza kuuwekea akiba.

Kimara Stopova
Mrejesho. Shokapu mpya ya kushoto na rilei vimefungwa Jumamosi. Kompresa tumeipima, bado inanyanyua gari vizuri, kwa hiyo inabaki. Betri ndogo ni mpya. Asubuhi nne sasa kushoto ni 65.5, na onyo la breki halijarudi. Mama alikaa mbele jana tukaenda kanisani, akasema linatembea kama zamani.

Kihesabu cha SBC kitasomwa Alhamisi.

Likoni84
Piga picha ya namba utuwekee hapa. Na mpaka siku hiyo, onyo likiwaka, paki.